Kibali cha Moto wa Tanuru

Dada aliyeungua mkono hakunilaumu hata mara moja, na hilo ndilo lililonisumbua zaidi. Kila Sabato alinisalimu mlangoni mwa kanisa letu pale Migori kama alivyonisalimu siku zote, akaniuliza habari za nyumbani, kisha akaenda kuketi na waimbaji wa sauti ya pili. Tofauti ilikuwa moja tu. Alinipa mkono wa kushoto, kwa kuwa wa kulia ulikuwa umefungwa bendeji hadi kiwiko, na kila alipoutoa huo wa kushoto aliniomba radhi, kana kwamba kosa lilikuwa lake.

Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi na mzee wa kanisa, na kwaya ilikuwa mikononi mwangu. Tulikuwa na igizo letu la kuimba, la wale vijana watatu ambao mfalme aliwatupa katika tanuru la moto kwa sababu walikataa kuisujudia sanamu yake. Tuliliimba mashuleni, kwenye harambee, na kwenye makambi, yaani lile juma la kila mwaka ambapo makanisa ya eneo letu hukusanyika mahali pamoja, yakapiga mahema na kuabudu asubuhi hadi jioni. Watu walitoka Rongo, wengine walitoka hata Isebania mpakani, na sitadanganya kwamba walifuata sauti zetu. Walifuata moto. Tanuru letu lilikuwa na moto wa kweli, nami ndiye niliyeuwasha.

Ufundi wangu haukuwa mkubwa. Nilijaza makarai mawili unga wa mbao kutoka kwa seremala, nikaulowesha mafuta ya taa, nikayaficha nyuma ya kiukuta cha mabati kilichopakwa udongo. Waimbaji watatu walisimama katikati ya makarai hayo. Kwa miaka mitatu hakuna aliyeungua, nami nilihesabu hiyo kuwa baraka juu ya kazi yangu.

Siku ya ajali tulikuwa katika uwanja wa shule moja upande wa Rongo. Dada huyo aliimba nafasi ya mmoja wa wale vijana, maana sauti yake ilifika mbali kuliko za wanaume wetu. Alipofika mlangoni mwa tanuru alisita. Akanigeukia, akasema polepole, "Mwalimu, leo moto umekuwa mkubwa."

Nilikuwa nimemimina mafuta mengi kuliko kawaida, kwa kuwa siku hiyo kulikuwa na wageni. Nilijua. Lakini watu walikuwa wakitutazama, nami nikamjibu kwa sauti ya mtu anayehubiri: "Dada, wale vijana hawakuungua. Ingia kwa imani."

Akaingia. Vazi lake lilikuwa la nailoni nyeupe inayong'aa, kama yalivyokuwa mavazi ya kwaya yote, na nailoni haiungui kama pamba. Huyeyuka ikashikamana na ngozi. Wanaume wawili walimfunika kwa koti na kuuzima ule moto kabla haujapita kiwiko. Wiki tatu alikwenda hospitalini kubadilishiwa dawa. Alipopona vya kutosha kurudi kwaya, aliniambia kwa upole kwamba ataimba akiwa ameketi na wenzake, lakini huko mbele, karibu na moto wangu, harudi.

Habari zilifika kwa Bwana D.O., mkuu wa tarafa yetu, naye akatuletea barua fupi. Hakuna moto kuwashwa mbele ya hadhara mpaka anayeuwasha awe na kibali kutoka kwa afisa wa zimamoto, ambaye ofisi yake ilikuwa Homa Bay, kando ya ziwa. Na makambi ya mwaka huo yalikuwa yafanyike huko huko Homa Bay, miezi minne mbele.

Baraza la kanisa lilikaa. Wengi walisema tuache moto, tutundike kitambaa chekundu na kukipepea. Mwenye kuigiza mfalme, mtu wa mzaha, akauliza, "Sasa mimi niwatupe wapi? Kwenye pazia?" Watu wakacheka na mambo yangeishia hapo. Mimi nilisimama nikaomba nipewe nafasi ya kutafuta kibali. Nilisema ni kwa ajili ya injili. Ilikuwa kweli kwa sehemu. Sehemu nyingine ilikuwa kiburi cha mtu aliyezoea kusifiwa kwa igizo lake. Na chini ya hayo mawili kulikuwa na jambo nililolijua mimi na Mungu wangu: kama moto ungeachwa kimya kimya, hakuna ambaye angelazimika kusema ulimchoma nani, na kwa sababu ya maneno ya nani, nami ningebaki na deni hilo. Nilitaka yule dada aweze kusimama tena karibu na kazi yangu bila hofu. Sikujua njia nyingine ila hiyo.

Afisa wa zimamoto alikuwa Mkuria, mnene, mwenye nyusi chache. Alikuwa amezima moto wa meli na maghala bandarini Mombasa kwa miaka mingi kabla ya kuletwa ziwani. Aliniketisha, akaisoma barua yangu ya maombi, akavua miwani.

"Kumbe wewe ndiye mwalimu anayechoma kwaya?"

Nikasema ilikuwa ajali ndogo ya vazi, kama nilivyoandika.

"Naona. Umeandika 'vazi lilishika moto'. Hilo vazi lilitembea lenyewe likaenda kwa moto?"

Akacheka, lakini si kwa ubaya, kisha akaniambia mambo matatu. La kwanza, mafuta ya taa niyasahau, kwa sababu ukishayawasha huwezi kuyaambia yanyamaze. Nitumie gesi ya mtungi na bomba lenye matundu, kitu chenye koki ya kufunga. La pili, moto hauongozwi na mtu mmoja. Mmoja akae mbele na kuwasha, wa pili akae kwenye mtungi, mkono juu ya koki, asiwe na kazi nyingine duniani. La tatu ndilo lililonilemea.

"Niletee maelezo ya huyo aliyeungua. Aandike mwenyewe kwa mkono wake, ilikuwaje. Bila hiyo karatasi sikupimi, Mwalimu, hata ukileta mtungi wa dhahabu."

Nilikaa nalo hilo la tatu wiki mbili. Nilifunga na kuomba, na kila nilipoomba nilijua kwamba ninachoombea ni nipate njia ya kulikwepa. Hatimaye Jumanne moja baada ya shule nilikwenda sokoni Migori. Dada alikuwa na meza yake ya omena, wale dagaa wa ziwani, akipima kwa kopo na kuongeza konzi moja juu kwa kila mteja, kwa ule mkono wenye kovu. Kovu lilikuwa la waridi na lenye kung'aa. Ile nailoni niliiona tena.

"Japuonj!" aliniita kwa Kijaluo, mwalimu. "Leo umekumbuka omena? Mke wako amekutuma au amekufukuza?"

Nikamweleza nilichojia. Akamalizana na mteja, akajipangusa mikono kwa leso.

"Sasa, Mwalimu, niandike nini? Niandike moto ulikuwa mkubwa?"

"Andika ilivyokuwa."

"Na ulichoniambia?"

"Nacho."

Alinitazama kama anayekagua noti. "Ukinyimwa kibali kwa sababu ya barua yangu, utanisalimia tena Sabato?"

"Nitakusalimia," nikasema. "Na kabla hujaandika, dada, nisikie. Ulinionya nami nikajua unasema kweli. Niliona haya mbele ya wageni. Nikakusukuma kwa jina la imani. Naomba unisamehe."

Jirani yake wa nyanya alikuwa ameacha kupanga nyanya na kutega sikio. Dada akamgeukia: "Mama, hii si ya kuuza, panga nyanya zako." Kisha akaniambia, "Nilishakusamehe hospitalini, maana pale sikuwa na kazi nyingine. Ila nilikuwa nangoja uje. Lete karatasi kesho."

Aliandika ukurasa mmoja na nusu. Hakuongeza chumvi na hakupunguza. Maneno yangu yalikuwamo, neno kwa neno. Nilipoyasoma katika mwandiko wake niliona jinsi yalivyokuwa mepesi mdomoni mwangu na mazito kwake. Nilipeleka karatasi hiyo Homa Bay mwenyewe. Afisa aliisoma mara mbili, akaikunja, akaitia kwenye faili.

"Mtihani Jumamosi," akasema.

"Jumamosi ni Sabato, Bwana Afisa."

"Aa, nyinyi! Haya, Jumatatu."

Fundi mmoja wa kuchomea vyuma Migori alinitengenezea bomba la urefu wa mtu, lenye matundu madogo kwa mstari mmoja. Wa kushika mtungi nilimchukua muumini mwenzetu mwenye pikapu, kwa kuwa gari lilikuwa lake na alikuwa mtu mpole asiyenipinga katika lolote. Kina mama wa kanisa walishona mavazi mapya ya pamba tupu. Nilijifunza hatua zote kwa moyo kama mtoto anayejifunza katekisimu: ndoo za mchanga mbili, blanketi lililoloweshwa, hatua nne kutoka bomba hadi kwa mwimbaji, utambi unaowaka utangulie kufika kwenye bomba, kisha gesi ifuate polepole. Jumatatu asubuhi tulisimama kwenye uwanja mtupu nyuma ya ofisi yake, ziwa likionekana chini yetu, nami nilikuwa na uhakika.

Afisa akasema, "Haya, nionyesheni."

Nikampa ishara mwenzangu. Akafungua mtungi. Nikainama kuuchukua utambi na kiberiti, na hapo moyo wangu ukaniambia kwamba siwezi kuanza kazi hii bila kumtanguliza Mungu. Maisha yangu yote sijaanza somo, safari wala chakula bila kuomba. Nikasema, "Tuombe." Nikafumba macho. Mwenzangu, muumini mwema, akauachia mtungi, akavua kofia, akafumba macho naye.

Haikuwa sala fupi. Nilishukuru kwa safari, nikamwombea afisa na jamaa yake, nikawaombea viongozi wa nchi. Nilikuwa nikielekea kwenye mvua na mazao niliposikia hatua nzito zikipita, kisha koki ikikazwa. Halafu sauti ya afisa ikasema kwa ukali, "Amina."

Nikafumbua macho. Alikuwa amepiga magoti kando ya mtungi, jasho likimtoka.

"Mwalimu, sikia," akasema. "Hiyo gesi haipandi kama moshi. Hutambaa chini, hujaa kwenye mashimo kama maji. Mmesimama ndani yake sasa hivi mpaka magotini. Ungesema amina wewe mwenyewe ukawasha kiberiti, mngefika mbinguni kabla ya maombi yenu."

Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tena. Nikajaribu kujitetea kwamba ni desturi yetu. Hapo ndipo alipokasirika.

"Sikukatazi kuomba! Mimi mwenyewe nikielekea kwenye moto namwita Mungu na wazee wangu wote waliokufa, mmoja mmoja kwa jina. Lakini naita nikiwa bado kwenye gari. Ukishagusa koki, macho yako ni ya moto. Na huyu," akamwonyesha mwenzangu, aliyekuwa bado ameshika kofia kifuani, "huyu hafai. Tangu mfike namwona anakutazama wewe, hautazami moto. Ukifumba, anafumba. Nitafutie mtu asiyekuogopa. Mtu atakayekufungia gesi hata wewe ukitaka iendelee. Ukimpata, rudi."

Nyumbani nilimsimulia mke wangu kwa uchungu, nikisema yule mtu ameidharau sala. Alikuwa akikoroga uji. Hakuacha kukoroga.

"Baba watoto," akasema, "mafuta yakichemka kwenye kikaango, mimi huomba nimefumba macho?"

"Hapana."

"Basi mimi si muumini?"

Nikatoka nje kwenda kuwatazama ng'ombe, ambao hawakuwa na shida yoyote. Nilikaa huko kitambo. Niliporudi ndani nilikuwa nimekubali mambo mawili: kwamba afisa alisema kweli juu ya sala, na kwamba alisema kweli zaidi juu ya mtu wa mtungi. Katika kanisa zima nilimjua mtu mmoja tu aliyewahi kuniambia usoni kwamba moto wangu umezidi.

Dada aliposikia nilichotaka alicheka mpaka akaketi kwenye gunia.

"Mimi? Mimi niliyesema sikaribii?"

"Hukaribii moto. Mtungi unakaa nyuma, hatua kumi na tano. Utaona kila kitu, na utakuwa na uwezo wa kukizima wakati wowote."

"Bila kukuuliza?"

"Bila kuniuliza."

Akafikiri. "Nina sharti. Nikifunga, usinitazame vibaya mbele za watu. Wala usiniambie habari za imani."

Nikakubali. Tulifanya mazoezi majuma matatu nyuma ya kanisa, jioni baada ya soko. Alifunga gesi mara nyingi kuliko nilivyopenda. Mara aliona kuku anapita. Mara mwimbaji amejikwaa. Mara nyingine, alikiri, alifunga ili aone kama nitakunja uso. Nilijifunza kutokunja. Jambo hilo lilinichukua muda kuliko kujifunza gesi yenyewe, nami namshukuru Mungu kwa kunipa mwalimu mwenye subira.

Tuliporudi Homa Bay, tuliomba ndani ya pikapu, kabla ya kushusha kitu chochote. Afisa alitungoja akiwa amekunja mikono. Aliutazama mkono wa dada.

"Wewe ndiye uliyeandika?"

"Ndiye mimi."

"Na umekuja kumsaidia?"

"Nimekuja kumzima," akasema dada.

Afisa akacheka kwa mara ya kwanza siku hiyo. Alitupima asubuhi nzima. Mchana alitia sahihi na kugonga mhuri, na katika masharti aliandika kwa mkono wake: sala kabla ya kugusa mtungi.

Makambi yalifanyika kwenye uwanja wenye mteremko, upande wa mlima Asego. Zamu yetu ilikuwa alasiri ya Ijumaa, kabla ya Sabato kuingia. Watu walikuwa wengi kuliko nilivyowahi kuona. Tukaomba, tukafumbua macho, kila mtu akaenda mahali pake. Mfalme akakasirika vizuri, vijana watatu wakakataa kuinama, wakaingizwa, nami nikausogeza utambi na kuinua mkono. Gesi ikaja. Moto ukasimama kwa mstari mmoja, safi, urefu wa kiuno, na umati ukavuta pumzi pamoja. Kwa miaka yote ya makarai sikuwahi kuwasha moto mzuri kama ule. Nakiri kwamba niliufurahia.

Tulikuwa kwenye ubeti wa pili wa wimbo, mahali panapopendwa kuliko pote, moto ulipozama na kutoweka.

Sauti ya watu ikashuka, "Aaa!" Nilitaka kugeuka. Mwili wote ulitaka kugeuka. Niliyakaza macho yangu kwenye bomba, kama nilivyofundishwa. Waimbaji wakaendelea, ingawa mmoja alisita. Mfalme, ambaye kwa utaratibu alipaswa kuchungulia tanuruni na kushangaa kuona wako hai, akachungulia asione moto ila bomba tupu. Akatutazama. Akautazama umati.

"Watumishi!" akanguruma. "Moto wangu uko wapi?"

Hilo halikuwamo katika igizo. Mmoja wa wale vijana watatu akamjibu kwa kuimba, kwa sauti ile ile ya wimbo, kwamba umefungwa, na aliyeufunga ni mkubwa kuliko mfalme. Umati ulilipuka kwa kicheko na vigelegele, kina mama wakasimama, na wimbo ukamalizwa na uwanja mzima. Mimi nilikuwa nimepiga magoti nyuma ya ukuta wa mabati, utambi mkononi, na hapo ndipo nilipouhisi upepo. Ulikuwa umegeuka. Upepo wa alasiri utokao ziwani, ambao tangu tuanze ulikuwa ukinipiga mgongoni, sasa ulinipiga usoni, na ungeulaza ule moto mzuri moja kwa moja juu ya waimbaji, waliosimama upande wangu wa bomba. Sikuwa nimeuona. Nilikuwa nikiutazama uzuri wake.

Baadaye, nyuma ya mahema, nilimkuta dada akizungusha mpira wa gesi kwenye kiwiko chake kama kamba ya ng'ombe. Sikumwuliza lolote.

"Upepo," akasema.

"Niliuhisi ukiwa umeshafunga gesi."

"Ningengoja ubeti uishe, watu wangefurahi zaidi."

"Hukungoja."

"Sikungoja." Akaufunga ule mpira fundo. Kisha akanyoosha mkono wa kulia, wenye kovu, tukasalimiana kama watu wanaokutana siku hiyo kwa mara ya kwanza. Afisa wa zimamoto alipita akiwa na mke wake, akainua kofia. Alimwinulia dada.

Hakuingia tena tanuruni, si mwaka ule wala miaka iliyofuata, nami sikumwomba. Kibali kilikuwa cha mwaka mmoja. Wakati wa kukihuisha tulikwenda Homa Bay pamoja, naye afisa akauliza jina la nani litangulie kama mwenye moto, maana mwenye moto ndiye anayetoa amri, na wa pili hutii. Dada akanitazama, akingoja nijitaje. Nikamtajia afisa jina la dada. Kalamu ikaandika. Mimi niliandikwa mstari wa chini, mtu wa utambi na ndoo za mchanga, na kwa nafasi hiyo nilitumika miaka sita bila mtu mwingine kuungua, sifa zote zimrudie Mungu.